Hatua ya Ishirini na Nne

Kesi ya Alfonsi ilikuwa imetajwa mahakamani mara tisini na saba. Mara tisini na saba mwendesha mashtaka alisimama, akasema upelelezi haujakamilika, akakaa. Kila baada ya siku kumi na nne, tangu Oktoba 2021. Aliyetaka kujua huo upelelezi ulikuwa unafanyika wapi angeupata kwenye kabati la chuma, rafu ya tatu, ndani ya jalada la kaki ambalo panya walikuwa wameshaanza kulila pembeni.

Sajenti Tusajigwe alilitoa rafuni mwezi Juni, siku ambayo Margareta, dada yake Alfonsi, alikuja kaunta na daftari la shule lenye gamba la bluu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

"Hunikumbuki, sema tu. Mwaka ule ulikuwa koplo. Ulikuja kupekua kibanda cha mdogo wangu, ukabeba vitu vyake kwenye mfuko wa saruji. Baada ya wiki tatu ukaniita hapa hapa, ukanirudishia sufuria, redio na hili daftari. Ulinipa kwa mkono wako. Ukaniambia, mama, hii ni michezo tu, chukua." Alilisukuma daftari juu ya kaunta. "Sasa lisome. Mie darasa langu la saba, siwezi. Lakini mdogo wangu kila nikienda kumwona haniulizi chakula. Ananiuliza, daftari lipo? Mwaka wa nne huu. Mtu mwenye njaa anauliza daftari."

"Nitalisoma."

"Utalisoma. Haya."

Aliondoka bila kuaga.

Alfonsi alikuwa fundi wa vinyago, mzaliwa wa Newala, mwenye kibanda huku Kinondoni na kiwanja Madale. Watalii walipoanza kuulizia seti za sataranji, mafundi wote wakazichonga: mfalme, malkia, askari wanane, msonge wa nyasi mahali pa ngome, na twiga mahali pa farasi, kwa sababu Mzungu anapenda twiga. Walichonga mamia. Hakuna aliyejua kuucheza mchezo wenyewe isipokuwa Alfonsi, aliyejifunza mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya maelezo iliyosahauliwa na mteja. Kila mchezo aliocheza aliuandika: hatua, saa iliyochezwa, na kalamu nyekundu palepale alipodhani amekosea. Saa aliiandika, alieleza kwenye ukurasa wa kwanza, "ili nijue ni wapi huwa naharakisha."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi, tarehe 16 Oktoba 2021. Mpinzani: Bw. Fredrick. Kuanza saa 10:05. Hatua ya 24, saa 11:10, Alfonsi alikula askari wa pembeni kwa malkia wake, kisha akaweka alama nyekundu ya kuuliza na maneno haya: "Hapa kuna kitu sikukiona. Nirudie kesho." Mchezo uliendelea mpaka hatua ya 41, saa 12:40, akashindwa.

Kesho yake alikamatwa. Hakurudia.

Jioni ileile ya Jumamosi, Madale, mlinzi aliyeitwa Nassibu aliuawa kwenye kiwanja kilichopakana na cha Alfonsi. Majirani watatu walisikia ukelele mmoja, adhana ya magharibi ikimalizika, saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Karibu na mwili ilikutwa patasi yenye herufi A kwenye mpini. Alfonsi alikubali kuwa ni yake. Alikuwa na kijibanda cha mabati pale kiwanjani, alikoweka vifaa. Alisema alikuwa Kinondoni akicheza na Fredrick. Mafundi wengine wote walikuwa wamefunga vibanda siku ile kwenda kumzika mwenzao, kama ilivyo desturi yao. Yeye alibaki kumalizia oda iliyotakiwa Jumapili. Kwa hiyo shahidi alikuwa mmoja tu.

Na shahidi huyo, dalali wa viwanja, alikuwa ameandika maelezo ya mistari minne. Hamjui mtuhumiwa zaidi ya kununua vinyago kwake. Hajawahi kucheza naye mchezo wowote. Siku hiyo alikuwa Morogoro, msibani. Aliyeyachukua maelezo hayo na kuweka sahihi chini, bila kupiga simu moja Morogoro, alikuwa Koplo Tusajigwe.

Sasa alipiga. Ilimchukua siku mbili kumpata mwenyekiti wa mtaa uliotajwa. Msiba ulikuwepo kweli. Ila ulikuwa wa Septemba.

Kitu cha pili alichokifanya ni kwenda Madale. Kiwanja cha Alfonsi kilikuwa na ukuta wa matofali na geti jeusi. Fundi aliyejenga ukuta alikuwa bado anaishi jirani.

"Ulijenga lini?"

"Machi ishirini na mbili."

"Nani alikuita?"

"Fredrick. Nani mwingine anajengaga huku?"

Machi 2022. Mwenye kiwanja alikuwa ndani miezi mitano tu, na ukuta umeshapigwa lipu. Huko ofisi ya ardhi, faili la Alfonsi halikuonekana. Karani alilitafuta kwa dakika nne, Tusajigwe akiangalia saa, kisha akasema labda limeliwa na mchwa. Nyaraka zinazoliwa na mchwa katika nchi hii zina bahati mbaya ya kuwa za watu wa aina moja siku zote.

Kwa hiyo Tusajigwe alikuwa na mshukiwa mpya. Mtu aliyedanganya alikokuwa, na aliyefaidika. Kilichobaki kilikuwa kumweka Madale saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Alitumia wiki tatu akijifunza sataranji kutoka kwenye daftari la mtuhumiwa. Kisha akaomba gari na askari mmoja wa kuambatana naye. Mkuu wake alimwambia gari halina mafuta na askari wako kwenye msafara. Akaenda peke yake, seti ya Alfonsi ikiwa kwenye mfuko.

*

Baa ya Fredrick ilikuwa Sinza, ghorofa ya chini ya nyumba ya wageni. Saa nne asubuhi viti vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza. Dada mmoja, Editha, alikuwa kaunta akiosha glasi. Fredrick alikaa karibu na dirisha, mtu mnene wa miaka hamsini, miwani kwenye paji la uso, akinywa supu.

"Karibu afande. Asubuhi yote hii? Au siku hizi mnakamata supu?"

"Nimekuja kucheza." Tusajigwe aliweka ubao mezani. "Nimejifunza sataranji. Nimesikia Sinza nzima hakuna anayekufunga."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu wanajua." Alisukuma bakuli. "Nilikuwaga bingwa wa shule, braza wangu ndiye alinifundisha. Haya panga. Editha! Lete maji ya afande, anakuja kulia hapa."

Tusajigwe alishindwa kwa hatua kumi na tisa. Fredrick alicheza haraka, kila kete akiigonga ubaoni.

"Umeona?"

"Sijaona. Nionyeshe nilipokosea."

Hapo uso wa Fredrick ukafunguka. Akarudisha kete nyuma, moja moja, bila kubahatisha, mpaka hatua ya sita.

"Hapa. Ulimtoa malkia mapema. Unajua kwa nini mnakosea nyie mnaoanza? Mnaangalia kete yenu, hamwangalii ya mwenzenu. Na hapa, ya kumi na moja, ulikuwa na nafasi ya kupona, ukala askari wa bure. Kwa nini ulikula?"

"Kwa sababu alikuwepo."

"Alikuwepo!" Alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Editha, umemsikia? Alikuwepo! Ndiyo polisi wetu hao. Mchezo ukiisha ndio unaanza, afande. Mie nakumbuka michezo yangu yote. Ya shule, ya juzi, yote ipo hapa." Akajigonga kichwa.

"Yote?"

"Nitajie siku."

Tusajigwe hakutaja siku. Alifuta ubao, akaanza kupanga kete upya, polepole, akiangalia simu yake kana kwamba ananakili. "Nina fumbo nimelitoa kwenye simu. Nimeshindwa kulitatua. Zamu ya weusi." Mfalme mweupe pembeni kabisa, askari wawili mbele yake. Twiga mweusi pua kwa pua na askari hao. Malkia mweusi mbali, akitazama kwa mshazari. Msonge mweupe aliuweka mstari wa pili.

Fredrick aliinama. Hazikupita sekunde tano.

"Fumbo gani hili? Mweupe kashafungwa hapa. Malkia anaingia kando ya mfalme, twiga anamlinda, kwisha. Mtoto wa chekechea anaona." Mkono wake ulikuwa umeshaushika msonge. "Huu msonge haukuwa hapa. Ulikuwa huku nyuma." Akauweka mstari wa kwanza. "Mie siwezi kuacha mlango wazi namna hiyo."

Kaunta, glasi ziliacha kugongana.

Mstari wa nyuma ulikuwa na nafasi tano tupu. Fredrick alikuwa ameuweka msonge kwenye nafasi moja, ya tano kutoka kushoto. Tusajigwe alifungua daftari la bluu na kuligeuza lisomeke upande wa pili wa meza. Hatua ya 23, nyeupe: msonge, nafasi ya tano, mstari wa kwanza.

"Haukuwa hapa lini, mzee Fredrick?"

"Nimesema usiwe hapa."

"Umesema haukuwa. Na umesema mie."

"Afande, Kiswahili cha Sinza hicho."

"Nimekwambia ni fumbo la simu. Hukuuliza nani mweupe. Hatua ya ishirini na tatu, saa kumi na moja na dakika nane, tarehe kumi na sita Oktoba. Siku uliyokuwa Morogoro kwenye msiba uliokwisha mwezi mmoja kabla."

Fredrick aliweka miwani sawa, akalisoma daftari. Alisoma ukurasa mzima, mpaka hatua ya arobaini na moja, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza, alikuwa na sura ya mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana.

"Aliandika vizuri yule fundi," alisema. "Nilimfunga vizuri."

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini."

"Kama alivyoandika."

"Kwa hiyo hakuwa Madale."

"Wala mie sikuwa." Alitabasamu. "Hukuliona hilo? Ulikuja kunifunga mie, afande. Nimekaa na wewe saa nzima nakuona. Nikikubali nilikuwa Kinondoni, fundi wako katoka, na mimi nimetoka. Nassibu kauawa na nani? Huna mtu. Utarudi kituoni na jalada tupu. Si bora libaki na jina?"

Tusajigwe alitazama ubao. Ilikuwa kweli. Ushahidi uleule uliomtoa Alfonsi ulimtoa pia mshukiwa wake. Kati ya Kinondoni na Madale, kwa foleni ya Jumamosi, ni zaidi ya saa nzima. Watu wawili hawa walikuwa wamekaa pande mbili za ubao mmoja, na patasi ilitoka kwenye kijibanda cha mabati ambacho yeyote mwenye nondo angekifungua.

"Ulidanganya ili upate kiwanja," alisema.

"Sikudanganya ili akamatwe. Mlishamkamata. Mlikuja kuniuliza akiwa ndani tayari. Mie nilinyamaza tu, nyie mkafanya kazi."

"Utaandika maelezo mapya."

"Siandiki."

"Nimekusikia."

"Umenisikia wewe. Editha!" Hakugeuka. "Umesikia nini hapa?"

Editha alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. "Mie nilikuwa naosha glasi, bosi."

"Kaosha glasi. Na hilo daftari, afande, nisaidie mie mtu wa vitabu vya viwanja. Vielelezo vya mahakamani si vinakuwaga na namba? Muhuri? Hati ya kukamatia mali? Mbona hili sioni kitu?"

Tusajigwe alifunga daftari. Akaanza kukusanya kete.

Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia ndala zikikimbia nyuma yake. Editha alimpa askari mmoja mweupe, aliyebaki chini ya meza.

"Nilisikia," alisema, akiangalia pembeni. "Kila neno. Lakini afande, usiniite. Nina watoto wawili, na chumba ninacholala ni chake. Ukiniita nitasema niliosha glasi. Nitaapa." Akarudi ndani.

*

Wakili wa serikali, Benedikto, alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Alikuwa kijana makini, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mtu mzembe angeweza kubembelezwa.

"Daftari ulilichukua lini?"

"Tarehe kumi na saba Oktoba. Siku ya upekuzi."

"Liko kwenye hati ya upekuzi?"

"Halimo. Niliandika 'vitu mbalimbali'."

"Kitabu cha vielelezo?"

"Halimo."

"Lilikaa wapi?"

"Kwa dada yake. Nililirudisha Novemba."

"Nani aliona ukilirudisha?"

"Hakuna."

Benedikto aliweka kalamu chini. "Miaka mitatu na miezi nane kwa dada wa mshtakiwa. Dada anamtembelea gerezani kila wiki. Upande wa pili hawahitaji hata kusimama, sajenti. Hakimu mwenyewe atauliza wino ni wa lini."

"Mkemia anaweza kusema wino ni wa lini?"

"Atofautishe wa mwaka ule na wa mwaka huu, daftari limekaa jikoni? Nimeshawahi kuuliza hilo kwenye kesi nyingine. Walinijibu hawawezi."

"Basi futeni kesi. Mna nini dhidi yake?"

"Patasi yake. Kukubali kwake kuwa ni yake. Mgogoro wa mpaka wa viwanja kati yake na jirani yake, mwajiri wa marehemu. Na shahidi mmoja aliyemtaja, ambaye anamkana, kwenye maelezo yaliyosainiwa." Aligeuza jalada ili Tusajigwe aione sahihi. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeyachukua. Utapanda kizimbani kuyapinga?"

"Nitapanda."

"Utaulizwa kwa nini hukupiga simu Morogoro."

"Nitajibu sikupiga."

"Na Fredrick atasema umebadilika kwa sababu dada mtu kakuona na bahasha. Hatatoa ushahidi wowote wa hilo. Hahitaji." Alimrudishia jalada. "Nitaandika uliyonieleza na kuyapeleka juu. Yatakaa huko. Jumatatu inatajwa tena, nitasema upelelezi haujakamilika. Safari hii angalau itakuwa kweli."

*

Jumapili, mahabusu, walimleta Alfonsi kwenye chumba cha maofisa kwa sababu hakuweza kusimama muda mrefu kwenye wavu. Kifua kilikuwa kimemwingia. Mikono yake ya ufundi, iliyokuwa imejaa sugu kwenye picha ya jalada, ilikuwa laini kama ya karani.

Tusajigwe alimweleza yote, kwa mpangilio. Msiba wa Septemba. Ukuta wa Machi. Msonge. Glasi za Editha. Wakili. Alfonsi alisikiliza huku anaangalia daftari lililofungwa mezani.

"Kwa hiyo alikumbuka mahali pa msonge," alisema.

"Alikumbuka."

"Ni mchezaji yule. Afande, naomba nilione."

Alilifungua ukurasa wa mwisho moja kwa moja. Akaweka kucha ya kidole gumba kwenye alama nyekundu.

"Nililiona. Ilinichukua mwaka na nusu, kichwani, sina ubao. Usiku mmoja likaja." Akakohoa, akangoja. "Sikutakiwa kula yule askari. Malkia wangu aingie kando ya mfalme wake, palepale."

"Msonge wake utamla."

"Umle. Lazima umle, hana njia nyingine. Ukishamla, msonge wenyewe umemziba mfalme. Twiga anaruka hatua moja. Mfalme kabanwa na watu wake mwenyewe, hana pa kutokea." Alichora njia ya twiga mezani kwa kidole. "Ningemfunga kwa hatua mbili. Saa kumi na moja na robo mchezo umekwisha."

Tusajigwe aliangalia kidole kile kilichosimama mezani.

"Ungefanya nini baada ya hapo?"

"Ningefunga kibanda. Oda ilikuwa imebaki kupiga rangi ya viatu tu. Kila Jumamosi nilikuwa naenda Madale kuangalia kiwanja."

"Ungefika saa kumi na mbili na nusu."

"Nimeshapiga hesabu. Ningefika kwenye damu mbichi, na huyo Fredrick angekuwa kwake. Hata wa kunikana nisingekuwa naye." Akalifunga daftari, akalipangusa gamba. "Kosa langu ndilo lililoniweka mbali. Kosa langu zuri kuliko yote niliyowahi kuyafanya. Halafu halikusaidia."

Askari magereza aligonga mlango. Dakika tano.

"Na wewe, afande," Alfonsi aliuliza, "la kwako umeliona?"

Tusajigwe alifungua jalada. Alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni, ileile iliyokuwa ndani ya daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa taarifa ya tukio, akaupita. Wa pili, kukamatwa, akaupita. Wa tatu ulikuwa hati ya upekuzi, kwa mwandiko wake wa ukoplo. Kando ya maneno "vitu mbalimbali" aliweka alama ya kuuliza. Ukurasa wa saba, kwenye maelezo ya Fredrick, aliweka nyingine. Akamgeuzia.

Alfonsi aliyasoma makosa yote mawili kwa utulivu wa mwalimu anayesahihisha.

"La kwanza ni la hatua ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Kati ya ngapi?"

"Jumatatu itakuwa mara ya tisini na nane."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Hasira ilikuwa imeisha miaka miwili iliyopita, na huko ndani hakuna anayemrudishia mtu.

"Mapema mno," alisema. "Ukikosea mapema hivyo, afande, zilizobaki zote ni za kuchelewesha tu."

Askari magereza alifungua mlango. Alfonsi alisimama kwa kushika meza. Alilisogeza daftari upande wa Tusajigwe.

"Safari hii liandike namba," alisema, akatoka.